Aliyepigwa Hakuwa Mkewe: uchambuzi wa kisa cha simu iliyopelelezwa Kigoma

Oktoba 2024, kwenye kikao cha familia kilichofanyika Ujiji, mume alitandaza mkekani kurasa 43 za meseji za mkewe. Alikuwa amezichapisha kwenye duka la stesheneri pale Mwanga. Walioketi walikuwa tisa: wazee wa pande zote mbili, shangazi, mashemeji wawili na wanandoa wenyewe. Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Usiku huohuo mwanamke mmoja wa Kibirizi alivunjwa mkono na mumewe. Hakuwa mke wa mwenye zile kurasa, wala hakuwa ndugu wa yeyote aliyekuwa kikaoni.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Mke alinijia siku ya tatu baada ya kikao, na huyo aliyevunjwa mkono nilimkuta wodini. Ninakiandika kisa hiki kwa ridhaa yao. Wa kwanza kumwomba alikuwa aliyeumia, kwa sababu mambo yake yaliposomwa mbele ya watu hakuna aliyemwuliza. Vitu vidogo nimevigeuza ili wasijulikane, na majina siyataji. Mume nitamwita Dereva, maana anaendesha fuso la mizigo kati ya Kigoma, Tabora na Kahama. Mke nitamwita Mweka Hazina, kwa kazi yake kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama wa dagaa. Mwanamke wa tatu ni Mwanachama. Yupo pia mwanamume wa Kahama, Mnunuzi, ambaye sijawahi kuonana naye.

Usiku usio na mitumbwi

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi hupumzika siku kadhaa. Kwa hiyo mama mchuuzi kupigiwa simu saa tisa usiku, mwambao huu, si habari. Mtumbwi unakaribia mwalo, bei inapangwa kabla haujagusa mchanga, na asiyepokea simu anakuta mzigo umeshapata mwenyewe. Dereva aliishi na simu hizo miaka 11 bila kuziuliza.

Kisha tarehe 15 Mei 2024 ziwa likafungwa. Nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Kibirizi ikanyamaza. Fuso likakosa mzigo, na Dereva akajikuta analala nyumbani wiki nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu waoane. Simu ya mkewe ikaendelea kuwaka usiku.

Hapo ndipo kisa kilipoanzia, na naomba nikae hapo kidogo. Dereva hakuwa mtu wa wivu wa kuzaliwa nao. Alikuwa na maelezo yaliyomtosha kwa miaka mingi, na kufungwa kwa ziwa kukayaondoa. Mialo imefungwa, sasa anaongea na nani? Swali lake lilikuwa halali kabisa. Mume au mke yeyote angekuwa nalo, na mwenzake angewajibika kulijibu.

Nimemwuliza mara mbili kwa nini hakuliuliza kwa mdomo. Mara ya pili alinijibu hivi: "Dada, nikiuliza atanidanganya. Nikidanganywa nitakuwa mjinga ndani ya nyumba yangu." Sitalibeza jibu hilo, kwa sababu nimelisikia kwa wanaume na wanawake wengi waliofika mezani kwangu. Wengi wanaopekua simu wanaukimbia ule mwinamo wa kuuliza wakati hujui jibu. Wanataka waingie kwenye mazungumzo wakiwa tayari wameshashinda.

Alivyofanya

Kioo cha simu ya mkewe kilikuwa na ufa. Mwishoni mwa Juni Dereva akajitolea kuipeleka kwa fundi kijana anayemfahamu, na simu ikakaa huko nusu siku. Kioo kilibadilishwa kweli. Lakini fundi alifanya na mengine mawili kwa shilingi 40,000 za ziada.

La kwanza, aliiunganisha WhatsApp ya mama na simu ya zamani ya Dereva. Namba ya siri ya simu Dereva aliijua, ilikuwa mwaka aliozaliwa mtoto wao wa kwanza. Kazi hiyo ni ya dakika moja: unafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, unaielekeza kamera kwenye alama ya mraba, na kuanzia hapo kila kinachoingia kwa mmoja kinaonekana kwa mwingine.

La pili lilikuwa zito zaidi. Aliweka programu ya upelelezi inayouzwa kwa malipo ya mwezi. Programu za namna hii kwenye simu za Android huhitaji mtu aishike simu mkononi, aruhusu programu isiyotoka kwenye duka rasmi la programu, azime mlinzi wa ndani ya simu, kisha aipe ruhusa ya kusoma meseji, orodha ya simu zilizopigwa na mahali simu ilipo. Alama yake hufichwa. Mwenye simu haoni kitu, isipokuwa pengine bando kuisha mapema na betri kupata joto. Hata hizo si dalili za uhakika, maana simu nzee nyingi zina tabia hiyohiyo.

Dereva hakujua mambo mawili aliyokuwa anayanunua. Akaunti ya ile programu ilifunguliwa kwa barua pepe ya fundi, kwa hiyo kila alichosoma Dereva fundi naye aliweza kukisoma, zikiwemo meseji za salio la pesa za simu. Septemba fundi aliomba laki moja "ya matengenezo", na Dereva aliposita akaambiwa kwamba mama anaweza kujulishwa. Alilipa. Alilipa tena wiki mbili baadaye.

Jambo la pili ni kwamba meseji zile hazikuwa zinatoka kwenye simu moja na kuingia nyingine moja kwa moja. Zilikuwa zinakwenda kwanza kulala kwenye kompyuta za kampuni ambayo Dereva hajui hata iko nchi gani. Kampuni za biashara hii zina historia mbaya ya kushindwa kulinda kile zinachokikusanya. Mwaka 2021 mamlaka ya biashara ya Marekani iliipiga marufuku SpyFone isijishughulishe tena na upelelezi wa simu. LetMeSpy ya Poland ilidukuliwa Juni 2023, taarifa za watu waliokuwa wakipelelezwa zikaibwa, na mwaka huohuo ikafunga. pcTattletale ya Marekani ilidukuliwa na kufungwa Mei 2024, mwezi mmoja kabla Dereva hajatoa zile 40,000 zake. Mtu anayempelelezea mwenzake kwa njia hii anazianika siri za nyumba yake uwanjani, halafu anajiona yeye ndiye aliyefungua mlango peke yake.

Alichokipata

Hapa msomaji anaweza kutarajia niseme kwamba mke alikuwa safi na mume alikosea. Haikuwa hivyo.

Mweka Hazina alikuwa amepokea kwa Mnunuzi shilingi milioni moja na laki nane mwezi wa Aprili, malipo ya mzigo wa Mei. Ziwa likafungwa, mzigo haukupatikana, na sehemu ya fedha ilikuwa imeshaingia kwenye marejesho ya mkopo mwingine. Alimficha mumewe deni hilo. Mnunuzi alikuwa anampigia usiku kwa sababu mchana simu haikupokelewa. Kutoka deni wakaingia kwenye maongezi. "Umelala?" "Bado, nahesabu madeni." "Ningekuwa karibu ningekusaidia kuhesabu." Kwa wiki kama tano mama huyu alijibu kwa lugha ambayo mke wa mtu hajibu nayo. Ameniambia hivyo mwenyewe, bila kujitetea.

Wiki ya kwanza ya Agosti akakata. Meseji aliyoituma ipo kwenye ukurasa wa 31: "Kaka, hela yako utaipata mialo ikifunguliwa. Haya mengine tuyaache. Mimi nina mume na namheshimu." Mnunuzi akajaribu mara mbili tatu, hakujibiwa ila kwa hesabu. Mwishoni mwa Agosti, dagaa wa kwanza walipotoka, alianza kulipwa mzigo wake.

Dereva aliisoma meseji ya ukurasa wa 31 saa ileile ilipotumwa. Alikuwa amesimamisha gari Kaliua. Nilipomwuliza alijisikiaje, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Nilifurahi kama dakika tano. Halafu nikawaza, huenda amejua kwamba nasoma, ndiyo maana ameandika hivi."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Mkewe alimchagua yeye, usiku, peke yake, pasipo shahidi, na yeye alikuwa shahidi. Ni wanandoa wangapi wanaopata kuona jambo kama hilo? Lakini kwa kuwa aliliona kwa kujificha, halikumfaa. Hakuweza kumshukuru wala kumsamehe, maana angeulizwa amejuaje. Hakuweza hata kuliamini. Akaendelea kusoma Agosti yote, Septemba yote, akisubiri meseji ambayo ingempa haki kwa yale aliyokuwa ameshayafanya. Haikuja. Kilichomfanya aitishe kikao Oktoba hakikuwa kosa jipya la mke. Fundi alikuwa amerudi kudai fedha mara ya tatu, na Dereva akaona afadhali aseme mwenyewe kuliko kusemewa.

Mkewe, kwa upande wake, aligundua siku ileile ya kikao. Miezi yote hiyo alikuwa anajipa moyo kwamba ameshalimaliza jambo na atamweleza mumewe habari ya deni likishaisha. Mume alijua, mke hakujua kwamba anajua, na kila jioni walikula sahani moja.

Ukurasa wa 17

VICOBA cha akina mama hawa kina sanduku lenye kufuli tatu. Kila ufunguo unakaa na mama tofauti, ili asiwepo atakayefungua peke yake. Ni utaratibu unaofuatwa na vikundi vingi, na kwa fedha unafanya kazi vizuri. Lakini mweka hazina hawekeshwi fedha tu. Anaambiwa nani ameshindwa hisa wiki hii na kwa nini, nani anaumwa, nani anaomba asitajwe. Siku hizi anaambiwa kwa simu, na simu ina kufuli moja, ambayo ni mwaka aliozaliwa mtoto.

Mwanachama alikuwa anapigwa nyumbani kwake kwa miaka. Alikuwa anaweka fedha kidogo juu ya hisa zake za kawaida, kwa siri, apate nauli na pango la chumba kwa dada yake Kasulu. Meseji yake iko ukurasa wa 17, katikati ya mambo ya kikundi ambayo Dereva aliyachapisha yote bila kuyachambua: "Dada, bado laki mbili tu. Nikipata naondoka na watoto, usimwambie mtu."

Ukurasa ule ulimfikia shemeji mmoja anayefanya kazi na mume wa Mwanachama. Sina hakika kama alikusudia ubaya. Pengine aliona anamtendea rafiki haki. Jioni habari zikafika, na usiku Mwanachama akavunjwa mkono. Zile fedha za nauli zilichukuliwa.

Dereva alilia niliposema naye juu ya hili, na machozi yale nayaamini. Alisema hakuwahi hata kuisoma meseji hiyo, aliiruka, hakuwa anamtafuta mwanamke yule. Ndilo tatizo lenyewe. Aliyefungua simu ya mkewe alifungua na mlango wa akina mama 24 wa kikundi, wa mama mkwe wake, wa binti yake aliye shule ya bweni, wa kila aliyewahi kumwandikia mama huyu akidhani anamwandikia yeye peke yake. Hata kama tungekubali kwamba ndoa inampa mume ruhusa ya kila alicho nacho mke, jambo ambalo mimi silikubali, ndoa ya Dereva haikumpa ruhusa yoyote juu ya Mwanachama.

Kuhusu sheria

Hoja ya Dereva mbele ya baraza la usuluhishi ilikuwa: "Simu nilimnunulia mimi." Sheria ya Ndoa ya 1971 ina jibu. Mume au mke akimpa mwenzake mali, huchukuliwa kwamba mali hiyo sasa ni ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na hata simu ingekuwa ya Dereva, maneno yaliyomo si bidhaa ya dukani. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya mawasiliano yake. Haisemi kwamba hifadhi hiyo inakwisha siku ya ndoa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuwa kosa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila haki, na simu ya kisasa ni kompyuta. Faini yake haipungui milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kunasa mawasiliano ni kosa lingine lenye adhabu yake. Hakuna mstari unaomtoa mume au mke. Nilipomwonyesha Dereva sheria hiyo aliisoma mara nyingi, kidole kikitembea chini ya maneno. Alifika barazani akiamini yeye ndiye mlalamikaji.

Alidhani pia kurasa zake zingemfikisha kwenye talaka moja kwa moja. Kwa kawaida kesi ya talaka haifunguliwi kabla shauri halijapita baraza la usuluhishi na baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kupatanisha. Mahakamani nako, ujumbe wa kielektroniki hupimwa namna ulivyopatikana, ulivyotunzwa na kama unaaminika. Meseji zilizopita kwenye akaunti ya fundi ambaye alikuwa anadai fedha, nani angeziapia?

Mzee mmoja wa baraza, sheikh, hakutaja sheria ya nchi hata mara moja. Alimkumbusha Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inayokataza dhana mbaya na kupelelezana katika pumzi moja. Nadhani hilo ndilo lililomwingia.

Ya upande wa pili

Kuna watu watakaosoma haya na kusema naishi mbali na maisha. Mwenza anayeleta maradhi, mwenza anayeuza kiwanja kimyakimya, je, tumtazame tu? Hapana. Hofu hizo ni za kweli, na msemo wetu kwamba ukimchunguza sana bata hutamla siupendi hata kidogo, kwa sababu unamfundisha mtu kufumba macho ili aendelee kula. Mwenye hofu ya maradhi ana haki ya kusema, "Twende zahanati tupime wote, na kabla ya majibu sitalala nawe." Mwenye hofu ya madeni ana haki ya kudai daftari lifunguliwe mezani, na kuita wazee wakiwa wawili hawaelewani. Njia hizi zinauma, na zinaweza kuvunja ndoa. Lakini anayehojiwa anajua anahojiwa, na anaweza kujibu.

Wapo pia wanandoa wanaoachiana simu wazi, na sina neno nao, mradi aliyesema ndiyo angeweza kusema hapana asipigwe wala kununiwa mwezi mzima. Hata hao nawaambia: mwenye simu iliyo wazi na awaonye wanaomwandikia.

Neno moja kwa anayehisi kwamba simu yake inapelelezwa na anayempeleleza ni mtu wa kupiga. Usikimbilie kuifuta hiyo programu ukiwa nyumbani. Akiona imekatika atajua umejua, na ushahidi utakuwa umeufuta wewe. Azima simu nyingine, ya mtu unayemwamini, na uitumie hiyo kutafuta msaada. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo. Mwanachama alifikishwa huko akiwa na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, mkononi, na shauri lake linaendelea, kwa hiyo naishia hapo.

Walipo sasa

Dereva na mkewe hawajaachana. Mke alikaa kwa wazazi wake miezi minne, akarudi kwa sharti kwamba mume aende kwa Mwanachama na wazee wawili kuomba radhi. Alikwenda. Alirudisha laki tatu na nusu za nauli kutoka mfukoni mwake, kwa mafungu. Deni la Kahama limekwisha, na sasa wote wawili wanajua linavyoandikwa, kwa sababu daftari liko juu ya kabati. Mke ameniambia bado hajaweza kuandika meseji ndefu kwa mtu yeyote.

Kikundi kilikaa Januari. Hakuna aliyemlaumu kwa habari ya Mnunuzi, na haikutajwa. Walimwambia tu kwamba wanachama wanaogopa kumwandikia, na mweka hazina asiyeandikiwa hawezi kazi. Alisema anaelewa. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Alihangaika na fundo lake, vidole vikimtetemeka, mpaka Mwanachama, ambaye mkono mmoja ulikuwa bado haujapata nguvu, akasogea na kumsaidia kulifungua.